Kundi la Chembe Likufae: Mwongozo Kamili wa Kuboresha Kiainishi cha Mtandao wa Neva

Wanafunzi wa miradi ya mwaka wa mwisho hapa Mombasa hunijia na tatizo lile lile. Mtu amejenga kiainishi, yaani programu ya kupanga vitu katika aina zake, na kinapata asilimia themanini na kitu. Akasikia kuna algoriti (njia za hesabu za kutafuta jibu bora) zilizoigwa kutoka kwa ndege, chungu na nyangumi, akachomeka mojawapo, alama zikaruka hadi karibu mia. Akaipeleka programu dikoni, pale samaki wanaposhushwa, kwenye samaki halisi na mizani halisi, na kila samaki anayepimwa anaitwa tafi, hata asipokuwa tafi.

Algoriti haikukosea. Ilifanya ilichoagizwa: kupandisha namba moja. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kuhakikisha namba hiyo ina maana, ndipo tuliachie kundi la chembe, algoriti ya mwongozo huu, liitafute. Kundi lenyewe ni mistari michache ya programu. Iko katika hatua ya 6, na ukirukia huko moja kwa moja, utarudi huku juu ukihema.

Mfano wetu ni samaki wa aina nne wanaoshushwa kwenye madiko ya Mombasa: tafi, changu, pono na kolekole. Kila samaki ana vipimo sita: urefu, kimo cha mwili, uzito, na wastani wa rangi nyekundu, kijani na buluu kwenye picha ya ubavu wake. Kiainishi chetu ni mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza kwa kurekebisha namba zake za ndani, ziitwazo uzani, hadi majibu yake yakaribie yaliyo sahihi. Algoriti tutakayotumia kuuboresha ni ile ya kundi la chembe, waliyoitoa James Kennedy na Russell Eberhart mwaka 1995 kwa kuiga mwendo wa ndege na samaki wanaotembea kwa makundi. Kila chembe ni jaribio moja la mipangilio, na chembe husogea zikivutwa na zile zilizopata alama nzuri. Kama data yako ni ya maembe ya soko la Kongowea au majani ya muhogo, hatua ni hizi hizi.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Leptopu ya kawaida yenye RAM ya GB 4 au zaidi. Kadi ya michoro haihitajiki kwa jedwali dogo kama hili.
- Python, pamoja na maktaba za NumPy, pandas na scikit-learn.
- Jedwali la data, mstari mmoja kwa samaki mmoja. Tuseme una samaki 600: tafi 300, changu 150, pono 100, kolekole 50.
- Safu mbili ambazo wengi huzisahau: tarehe na jina la diko. Bila hizo hatua ya 1 haiwezekani.
- Faili la kumbukumbu la kuandikia kila jaribio, lililo kwenye diski, si kwenye skrini tu.
- Mtu anayewajua samaki.

Hilo la mwisho si la mapambo. Usibandike majina kwa kukisia. Keti na mvuvi au mama karanga, yule anayekaanga na kuuza samaki, mwoneshe samaki mmoja mmoja. Ukimuuliza, "Mama, huyu naye ni changu?" huenda akakujibu, "Changu, mwanangu, lakini si yule wa kwanza." Amekuambia jambo zito: jina changu hubeba spishi kadhaa, kwa hiyo aina yako moja ina sura nyingi ndani yake. Pono ndiye zaidi. Pono wengi hubadili jinsia na rangi wanapokua. Mdogo ni wa kahawia, dume mkubwa ana kijani na buluu inayowaka. Mtandao utalazimika kujifunza kwamba mawingu mawili ya rangi yaliyo mbalimbali yana jina moja. Amua mapema utakubali upana huo au utaigawa aina, kisha uandike uamuzi wako.

## Hatua ya 1: Fungia mtihani kabatini

Tenga samaki 120 kati ya 600 na uwaweke kwenye faili la peke yao. Hili ndilo fungu la mtihani. Halitaguswa na wewe, wala mtandao, wala kundi, hadi hatua ya 9.

Usigawe kwa kuchanganya samaki ovyo. Gawa kwa siku: siku nzima iende upande mmoja au mwingine. Samaki walioshushwa asubuhi moja, wakapigwa picha chini ya mwanga mmoja, wanafanana kuliko unavyodhani. Picha iliyopigwa chini ya turubali la buluu hupandisha namba ya buluu kwa kila samaki aliyepita hapo. Ikiwa kolekole wako wote walipigwa picha chini ya turubali hilo, mtandao utajifunza turubali, na wala hautakuambia.

Onyo jingine ni la wale wenye picha mbili tatu za samaki mmoja. Zote ziwe upande mmoja. Samaki akiwa huku na huku, mtihani umevuja.

Mafanikio yanaonekana hivi: ukiorodhesha tarehe za fungu la mtihani na tarehe za samaki 480 waliobaki, hakuna tarehe inayojirudia, na kila aina ipo katika mafungu yote mawili.

## Hatua ya 2: Jenga msingi wa kulinganishia

Kabla ya kuboresha chochote, lazima ujue unaboresha kutoka wapi. Pata namba tatu, kwa kutumia samaki 480 tu.

Ya kwanza ni ya mpumbavu: programu inayosema "tafi" kila mara. Itapata asilimia 50, maana nusu ya samaki ni tafi. Ya pili ni ya njia nyepesi isiyo na tabaka fiche (tabaka la hesabu lililo kati ya vipimo vinavyoingia na jibu linalotoka), ile inayoitwa regreshoni ya lojistiki. Ya tatu ni ya mtandao wa neva wenye mipangilio uliyoikuta. Katika scikit-learn mtandao huo unaitwa MLPClassifier, na huja na niuroni (vijisehemu vya hesabu) 100 katika tabaka fiche moja, kasi ya kujifunza (ukubwa wa kila rekebisho) 0.001 na adhabu ya uzani (inayozuia uzani usikue mno) 0.0001.

Sawazisha vipimo kwanza, yaani vilete vyote kwenye ukubwa unaolingana. Uzito kwa gramu unaweza kufika mamia au maelfu ilhali urefu kwa sentimita ni makumi. Mtandao utasumbuliwa na ukubwa wa namba badala ya maana yake. Tumia StandardScaler, kisawazishi cha scikit-learn, lakini uifunge pamoja na mtandao ndani ya Pipeline moja, yaani mnyororo wa hatua zinazofunzwa pamoja. Ukisawazisha jedwali zima kabla ya kuligawa, wastani wa samaki wa kupimia unaingia kwenye mafunzo. Ni uvujaji mdogo, lakini ni uvujaji.

Ikiwa regreshoni imeushinda mtandao kwa mbali, simama. Shida iko kwenye data au majina, na hakuna kundi la ndege litakalokutoa hapo.

## Hatua ya 3: Chagua alama ambayo kundi litaifuata

Hapa ndipo tafi wote wa dikoni walikozaliwa.

Asilimia ya majibu sahihi huwapendelea walio wengi. Mtandao usiomjua kolekole hata kidogo bado unaweza kupata zaidi ya asilimia 90, kwa kuwa kolekole ni 50 tu kati ya 600. Kundi likipewa alama hiyo litaona kumtupa kolekole ni biashara nzuri.

Tumia wastani wa ugunduzi kwa kila aina: kati ya kolekole wote, wangapi walitambuliwa? Fanya hivyo kwa aina zote nne, kisha gawa kwa nne. Yule mpumbavu wetu anapata 100 kwa tafi na sifuri kwa wengine watatu, kwa hiyo wastani wake ni 25 badala ya 50. Katika scikit-learn kazi hii inaitwa balanced_accuracy_score.

Alama hii usiipime kwenye fungu moja dogo. Wagawe samaki 480 katika mafungu manne, tena kwa siku. StratifiedGroupKFold inafanya hivyo, ukiipa safu ya tarehe kama kikundi. Funza mtandao kwa mafungu matatu, pima kwa la nne, zungusha hadi kila fungu lipate zamu, kisha chukua wastani. Gharama ni mafunzo manne kwa kila jaribio moja. Faida ni kwamba kolekole 40 wote wanahesabiwa, badala ya kumi tu ambao wawili wakiteleza kila kitu kinayumba.

Ukiamua kunakili mistari ya kolekole ili wawe wengi, nakili ndani ya mafungu ya mafunzo pekee, baada ya kugawa. Kunakili kabla ya kugawa kunampeleka samaki yule yule kwenye mafunzo na kwenye kipimo.

## Hatua ya 4: Amua kundi litafute nini

Miongozo mingi hukwambia uache mafunzo ya kawaida na ulikabidhi kundi uzani wote wa mtandao. Mimi nakushauri usifanye hivyo, na sababu zangu ni hizi.

Hesabu kwanza. Vipimo 6, niuroni 16 katika tabaka fiche, aina 4. Uzani wa kuingia ni 6 mara 16, yaani 96, jumlisha vizio 16 (namba moja ya kuongezea kwa kila niuroni). Wa kutoka ni 16 mara 4, yaani 64, jumlisha vizio 4. Jumla ni 180. Mtandao huu mdogo kabisa tayari ni fumbo lenye pande 180, yaani namba 180 za kutafutwa kwa pamoja.

Mafunzo ya kawaida, yale ya kushuka kwa kufuata mteremko unaoonesha kosa linapungua upande gani, hupata kwa hesabu moja mwelekeo wa kila mmoja wa uzani huo 180. Chembe hupata namba moja tu: alama. Haijui ni uzani upi uliosaidia na upi ulioharibu. Kwenye pande nne inavumilika. Kwenye pande 180 ni kupapasa gizani.

Sababu ya pili wachache huitaja. Niuroni za tabaka fiche hazina mpangilio wa asili: ukibadilishana nafasi ya niuroni ya 3 na ya 7 pamoja na uzani wao, mtandao unatoa majibu yale yale. Kwa hiyo chembe mbili zinaweza kuwa na mitandao iliyo sawa kabisa kwa kazi, ila imepangwa tofauti. Kundi nalo huvuta chembe moja kuelekea nyingine. Katikati ya mitandao miwili mizuri iliyopangwa tofauti mara nyingi hakuna mtandao mzuri. Kuna mchanganyiko usiojua tafi wala pono.

Uzani uachie mafunzo ya kawaida. Kundi lipe yale ambayo hayana mteremko wa kufuata: kasi ya kujifunza, idadi ya niuroni, ukali wa adhabu ya uzani, ukubwa wa bechi (samaki wangapi wanapitishwa kwa kila rekebisho). Haya ndiyo unayoyakisia usiku, na ndiyo kundi linayaweza. Kuna hali moja ninayokubali kundi lishike uzani: mtandao ni mdogo mno na alama unayoitaka haina mteremko hata kidogo, kwa mfano hasara kwa shilingi pale pono anapouzwa kwa bei ya tafi.

## Hatua ya 5: Weka mipaka ya utafutaji

Chembe moja ni orodha ya namba nne:

- kasi ya kujifunza: kutoka 0.0001 hadi 0.1, iandikwe kama kipeo cha 10, yaani −4 hadi −1
- niuroni za tabaka fiche: 4 hadi 64, kama kipeo cha 2, yaani 2 hadi 6
- adhabu ya uzani: 0.000001 hadi 0.1, yaani vipeo −6 hadi −1
- ukubwa wa bechi: 8 hadi 64, yaani vipeo 3 hadi 6

Kwa nini vipeo? Ukichagua kasi ya kujifunza kwa nasibu moja kwa moja kati ya 0.0001 na 0.1, takribani asilimia 90 ya chaguo zako zitaangukia juu ya 0.01, mahali ambapo mafunzo mara nyingi huruka-ruka bila kutulia. Eneo lenye heri ungelitembelea kwa bahati tu. Ukitumia vipeo, kila daraja linapata haki yake.

Niuroni na bechi ni namba kamili. Iache chembe itembee kwa desimali, na uzungushe namba pale tu unapojenga mtandao. Ukizungusha mahali pa chembe penyewe, hatua ndogo zote zinafutika na chembe inaganda.

## Hatua ya 6: Andika kundi

Moyo wa algoriti ni mistari mitatu:

```
kasi = w*kasi + c1*r1*(bora_yangu - mahali) + c2*r2*(bora_ya_kundi - mahali)
kasi = np.clip(kasi, -kikomo, kikomo)
mahali = mahali + kasi
```

Kila chembe inakumbuka mwendo wake wa awali, mahali bora ilipowahi kufika yenyewe, na mahali bora ambapo kundi zima limefika; w, c1 na c2 ni uzito wa kila kimoja kwa mpangilio huo, na r1 na r2 ni namba za nasibu kati ya 0 na 1. Weka w iwe 0.73, c1 na c2 ziwe 1.5 kila moja. Namba hizi zinakaribiana sana na zile ambazo Clerc na Kennedy walizifikia mwaka 2002 ili kundi litulie badala ya kulipuka. Usipoteze wiki ukizichezea. Kikomo cha kasi kiwe asilimia 20 ya upana wa kila upande.

Tufuate chembe moja kwenye upande mmoja, wa kasi ya kujifunza. Iko kwenye −3, yaani 0.001. Mwendo wake wa awali ni 0.1. Mahali bora pake ni −2.6, pa kundi ni −2. Kete za nasibu zimetoa r1 = 0.5 na r2 = 0.4. Basi kasi mpya ni 0.73 × 0.1, jumlisha 1.5 × 0.5 × 0.4, jumlisha 1.5 × 0.4 × 1. Hiyo ni 0.073 + 0.3 + 0.6 = 0.973. Upana ni 3, kikomo ni 0.6, kwa hiyo kasi inakatwa hadi 0.6 na chembe inatua kwenye −2.4, yaani kasi ya kujifunza ya karibu 0.004. Bila kikomo ingeruka hadi −2.027, ikatua karibu juu ya bora ya kundi bila kupaangalia pa kati. Fanya hesabu hii kwa mkono mara moja, kisha uone kama programu yako inatoa jibu hilo hilo.

Anza na chembe 12, zilizotawanywa kwa nasibu ndani ya mipaka, na mizunguko 15. Hiyo ni majaribio 180. Ikiwa kufunza mtandao mmoja kunachukua sekunde 2, jaribio moja la mafungu manne ni sekunde 8, na kazi nzima ni dakika 24. Pima muda wako mwenyewe kabla ya kubonyeza, usije ukagundua saa sita usiku kwamba umeagiza kazi ya siku tatu.

Mahali watu wanapokwama ni hapa:

Kumbukumbu inayotembea. Ukiandika bora_yangu = mahali katika NumPy, kisha ukaongeza kasi kwa +=, yote mawili ni jedwali moja lenye majina mawili. Chembe ikisogea, kumbukumbu yake inasogea nayo, na tofauti inakuwa sifuri daima. Andika mahali.copy(). Dalili yake: kundi linatembea kwa mwendo wa awali tu, kisha linazima.

Kete moja kwa pande zote. r1 na r2 zichaguliwe upya kwa kila upande wa kila chembe. Namba moja kwa chembe nzima huibana mienendo yake, na pembe nyingi za eneo la utafutaji hazitembelewi.

Juu na chini. Ukitumia maktaba ya PySwarms badala ya kuandika kundi mwenyewe, kumbuka kwamba hupunguza namba, haiongezi. Ukiipa alama yako ilivyo, itakutafutia mtandao mbovu kuliko yote kwa bidii kubwa. Ipe 1 toa alama. Pia, kazi yako ya kupima hupokea kundi zima kwa mpigo, na lazima irudishe orodha yenye namba moja kwa kila chembe.

Mpakani. Chembe ikivuka mpaka, irudishe ukingoni na uiwekee kasi sifuri kwenye upande huo. Vinginevyo itaugonga ukuta kila mzunguko.

Mafunzo yaliyolipuka. Kasi kubwa ya kujifunza inaweza kutoa namba zisizo namba. Jaribio kama hilo lipe alama sifuri na uendelee; lisiangushe programu nzima.

## Hatua ya 7: Endesha, huku ukiangalia vitu viwili

Kila jaribio likiisha, andika mstari mmoja kwenye faili: mzunguko, chembe, namba nne, alama, kosa la kila fungu. Stima ikipotea katikati, au huduma ya bure ya mtandaoni ikikata kikao, unaanzia ulipoishia. Hifadhi pia mbegu ya nasibu, namba inayofanya kete za programu zijirudie vile vile.

Cha kwanza cha kuangalia ni alama bora ya kundi. Inapanda kwa ngazi: inatulia, inaruka kidogo, inatulia tena. Cha pili ni mtawanyiko, yaani chembe ziko mbali kiasi gani na wastani wao. Huo unapaswa kupungua polepole.

Mtawanyiko ukifa kwenye mzunguko wa nne au wa tano, kundi limekimbilia mahali pa kwanza palipong'aa. Dawa ni kuacha kutumia bora ya kundi zima: panga chembe katika duara, kila moja isikilize jirani wawili tu. Habari zitasafiri taratibu na kundi litazunguka zaidi. Mtawanyiko usipopungua kabisa, kagua kikomo cha kasi.

Jibu bora likikaa mpakani, kwa mfano niuroni 64 kila mara, mpaka wako ni finyu. Upanue na uendeshe upya.

Onyo linalosema mafunzo hayajafika mwisho litatokea kwa chembe zenye kasi ndogo ya kujifunza, kwani MLPClassifier husimama baada ya mizunguko 200 ya mafunzo. Mara chache si neno. Likitokea kwa zaidi ya nusu ya chembe, ongeza max_iter, yaani kikomo hicho cha mizunguko, hadi 500, la sivyo kundi litakuwa linachagua mitandao inayojifunza haraka, si inayojifunza vizuri.

## Hatua ya 8: Lishindanishe kundi na bahati

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na sijui kwa nini, maana ni mistari kumi. Chagua orodha 180 za namba nne kwa nasibu, ndani ya mipaka ile ile, uzipime kwa mafungu yale yale. Majaribio yawe sawa na ya kundi, si pungufu.

Usiidharau bahati. Majaribio 60 tu ya nasibu yana nafasi ya zaidi ya asilimia 95 ya kugusa angalau mara moja sehemu ya asilimia 5 iliyo bora kuliko zote. Kwa pande nne, mara nyingine kundi na bahati hufika sare. Ukiona hivyo, andika hivyo, na utumie njia ya bahati, ambayo haina w wala c1 ya kumweleza mtu.

Usilinganishe kwa alama bora tu. Jibu lililoshinda kati ya majaribio 180 limeshinda kwa ubora na kwa bahati ya mbegu, na huwezi kuvitenganisha kwa kuliangalia. Chukua majibu matano ya juu kutoka kila upande, uyafunze upya kwa mbegu kumi mpya na mgawanyo mpya wa siku. Alama zitashuka kidogo. Hilo ni la kawaida. Linaloendelea kuwa juu baada ya hapo ndilo lako.

Na hao wanyama wengine? Kuna popo, kimulimuli, mbwa mwitu wa kijivu wa mwaka 2014, nyangumi wa mwaka 2016, na orodha inaendelea hadi nachoka. Wolpert na Macready walithibitisha mwaka 1997 kwamba, ukichukua wastani wa mafumbo yote yanayowezekana, hakuna algoriti ya kutafuta inayoishinda nyingine. Baadhi ya hizi mpya, ile ya mbwa mwitu ikiwemo, zina tabia ya kuvuta chembe kuelekea sifuri, kwa hiyo hung'aa kwenye mafumbo ya kujaribia ambayo jibu lake liko hapo hapo sifuri. Mwalimu akikuuliza kwa nini hukutumia nyangumi, mwoneshe jedwali lako la hatua hii.

## Hatua ya 9: Fungua mtihani mara moja

Chukua mipangilio iliyoshinda, funza mtandao kwa samaki 480 wote, kisha pima kwa wale 120. Mara moja tu. Ukiona alama haikupendezi, ukarudi hatua ya 5 na kupima tena kwa samaki hao hao, hao si mtihani tena.

Soma matokeo kwa jicho la mizani. Kama majibu sahihi ni asilimia 85 kati ya samaki 120, ukweli unaweza kuwa popote kati ya takribani 78 na 92. Samaki mmoja peke yake ni asilimia 0.8. Anayejisifu kwamba kundi limepandisha mtandao kwa asilimia moja anazungumzia samaki mmoja na ushei. Kwa kolekole ni mbaya zaidi: wapo kama 10 tu kwenye mtihani, kwa hiyo mmoja akikosewa, ugunduzi wa kolekole unashuka kwa pointi 10.

Kwenye ripoti weka jedwali la mkanganyiko zima (aina halisi dhidi ya aina iliyotajwa na mtandao), aina nne kwa nne. Angalia ni nani anaitwa nani. Pono wadogo wa kahawia wakiitwa changu, hilo si tatizo la kasi ya kujifunza. Unahitaji picha zaidi za pono wadogo. Weka pia namba tatu za hatua ya 2, matokeo ya bahati ya hatua ya 8, mipaka uliyotumia, idadi ya majaribio na mbegu.

Hifadhi Pipeline nzima kwa joblib, kisawazishi na mtandao pamoja. Ukihifadhi mtandao peke yake, mwenzako ataulisha gramu ghafi na utamjibu kolekole kwa kila kitu.

Halafu angalia tarehe zako. Ikiwa samaki wote 600 walipimwa wakati wa kaskazi, bahari ikiwa shwari na mashua zikienda mbali, hujajua bado mtandao utafanya nini wakati wa kusi, upepo ukigeuka na uvuvi ukibanwa karibu na pwani. Ukubwa wa samaki, mchanganyiko wa aina na hata mwanga wa picha vitabadilika. Kusi ikiingia, pima samaki wapya mia moja, waandikie tarehe na diko, wapitishe kwenye mtandao bila kuufunza upya. Wakifanya vizuri, endelea kuutumia. Alama zikianguka, gawanya samaki hao wapya kwa siku, nusu waingie kwenye mafunzo, nusu wawe mtihani mpya, na uanze tena kutoka hatua ya 1.